Chapati za Saa Kumi

Gari la maziwa lilichelewa siku hiyo, na lilipoingia soko la Isiolo saa saba kasoro, vumbi la barabara ya Kulamawe limelipaka mpaka kwenye vioo, wanawake wote walilivamia kwa pamoja. Mitungi ya manjano ikashushwa kwa kelele. Huyu anaita wa kwake, yule anaapa kifuniko chake kimebadilishwa, mwingine ameshaonja na kutema. Katikati ya zogo hilo alisimama mwanamume mmoja mnene, shati limemganda mgongoni, mkononi karatasi ya kliniki, na hakuna aliyejua anataka nini. Hata yeye mwenyewe hakujua vizuri.

Jina lake Umuro, fundi cherehani. Alipita sokoni kwa sababu moja tu: njia yake ya kawaida ingempitisha mbele ya hoteli tatu, na saa hiyo hoteli zote tatu zinakaanga mandazi. Asubuhi muuguzi alikuwa amemwambia bila kuzunguka kwamba sukari imepanda damuni, na kwamba dawa peke yake haitafanya kazi akiendelea na ugali, wali, chapati na chai ile ya vijiko vinne. "Kula nyama, mayai, mboga, maziwa bila sukari. Wanga upunguze sana. Na ukianza, mzee, usiache." Rahisi kusema! Nani ameishi Isiolo miaka hamsini na moja bila chapati?

"Wewe baba, unanunua ama unafunga njia?"

Umuro akageuka. Mwanamke aliyesema hivyo alikuwa amevaa dera la zambarau, mtandio mweusi ameutupa begani, hina imekolea vidoleni, na miguuni ana raba za kiume kwa sababu ya matope ya maji ya kuoshea mitungi. Mkono mmoja uko kiunoni. Umuro, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amemwangalia mwanamke ila kumpima nguo, alisahau alichoulizwa.

"Nanunua," akasema.

"Nini?"

"Kitu haina sukari."

"Abo! Sukari iko madukani. Hapa ni maziwa ya ngamia na nyirinyiri."

"Basi nipe nyirinyiri."

Akafungua kopo. Vipande vidogo vya nyama iliyokaushwa na kukaangwa vililala ndani ya samli, harufu ya iliki ikapanda. Alimwekea kimoja kiganjani aonje. Wakati anakula, mwanamke aliiona karatasi. Hakuisoma. Aliijua kwa rangi tu, na uso wake ukabadilika.

"Sukari?"

"Sukari."

"Tangu lini?"

"Leo ndiyo nimeambiwa. Yenyewe ilianza lini, sijui."

Akamfungia nyama nyingi kuliko aliyoagiza. "Marehemu bwana yangu alikuwa na karatasi kama hiyo. Njoo kesho. Na usipokuja nitakutafuta. Hiyo futi uko nayo shingoni inaniambia wewe ni fundi, na mafundi hapa mjini si wengi."

Alikuja kesho yake. Akaja na kesho kutwa. Mwisho wa wiki alijua kwamba jina lake ni Istahil, kwamba ni mjane wa miaka minne, na kwamba akicheka hufunika mdomo kwa mtandio kisha anausahau na kucheka wazi. Mwisho wa mwezi alikuwa na nambari yake ya simu, na simu yenyewe haikupumzika.

"Fundi, umekula nini leo?"

"Mayai matatu na sukuma. Na kipande cha ile nyama yako."

"Kimoja?"

"Viwili."

"Wallahi?"

"Sita."

Kicheko chake kilijaa sikioni. "Vipande sita! Hiyo ni njaa ama ni nini?"

"Ni mapenzi."

"Mapenzi ya nyama?"

"Ya mwenye nyama."

Upande wa pili Umuro akasikia mtungi ukiwekwa chini.

"Una maneno wewe," akasema Istahil polepole. "Kata simu. Wateja wananiangalia."

Siku hizo ndizo zilizokuwa nzuri. Umuro alikunywa chai bila sukari mpaka ulimi ukaizoea. Akiwa na njaa alitafuna nyirinyiri, akiwa na hamu ya kitu kitamu alimpigia Istahil simu. Alipungua. Alasiri moja Istahil alipomletea maziwa kwenye baraza lake la kushonea, Umuro aliitandika suruali yake ya kijivu kwenye cherehani akaipunguza kiunoni mbele ya macho yake, inchi mbili nzima, huku anajidai kama kijana. Istahil aliishika ile suruali, akapitisha kidole juu ya mshono, akahesabu kwa sauti. Kisha akaacha mzaha.

"Umuro, nisikize. Mimi nakupenda, sitaki kuzungukazunguka. Lakini Yattani, bwana yangu, nilimfunga kidonda cha mguu miaka miwili. Asubuhi na jioni. Ile harufu iko kwa pua yangu mpaka leo. Siwezi kurudia hiyo. Ukitaka tuoane, shika hiyo chakula yako. Ukishindwa, niambie."

"Sitashindwa," akasema Umuro.

Maneno mawili ya mwisho ya Istahil hakuyasikia. Au aliyasikia, yakapita. Kilichobaki kichwani mwake ni kwamba akishindwa, hana mke.

Sasa niseme juu ya saa kumi. Watu wengine wakifiwa hulia. Umuro hakulia Umulkheir alipokufa. Alikula. Umulkheir ndiye aliyekuwa mke wake, na miaka ishirini na mbili, kila siku ya Mungu, saa kumi alikuwa akipika: utasikia chapati inageuzwa kwenye chuma, redio inaongea, vikombe vinagongana. Sasa saa kumi ikifika nyumba hunyamaza mpaka mtu asikie pumzi zake mwenyewe. Njaa ya tumbo Umuro aliweza kupigana nayo. Hii nyingine hakuijulia jina.

Alijikaza miezi mitano. Kisha siku moja mteja alileta kitambaa cha kijani chenye maua meupe, kile kile alichomshonea Umulkheir Idd yao ya mwisho pamoja. Umuro alikipima, akakikata, akakishona bila kusema neno. Saa kumi aliifunika cherehani, na miguu ikampeleka mtaa wa Bulapesa.

Huko Bulapesa kulikuwa na mama Mmeru, Kinya, mwenye kupika chapati nyumbani kwake na kuwauzia watu sebuleni. Viatu ilikuwa lazima uache mlangoni, kwa sababu hataki vumbi kwenye kapeti lake. Ndani palikuwa na redio. Palikuwa na wajukuu wanaogombana, na chuma kinachofuka moshi. Umuro aliketi kwenye benchi akala nne. Mbili za kwanza hata hakuzisikia ladha. Katika ya tatu kitu kifuani kililegea, akajisikia mtu mwenye kwao.

Faraja hiyo ilimfikisha getini tu. Akiwa njiani kurudi aliapa kwamba ni leo tu. Kesho yake saa kumi alikuwa kwenye benchi tena.

Ukishaanza kuficha kitu kimoja, utaficha na cha pili. Jioni alifika kwa Istahil ameshiba, akawa anadonoadonoa nyama. Suruali ya kijivu ilipoanza kumbana, alifungua mshono mwenyewe, akautoa uzi, akaupiga pasi mstari wa zamani. Halafu siku moja alikanyaga pini pale kwenye baraza lake, na hakuisikia. Aliijua jioni alipokuwa anatawadha, soksi ina damu. Wiki ikapita, kidonda hakikufunga. Wiki ya pili akakivalisha soksi mbili. Hilo nalo hakumwambia mtu.

Simu ililia Jumatano, kabla tu ya adhuhuri.

"Umuro, nakuuliza kitu moja."

"Uliza, roho yangu."

"Hiyo suruali ya kijivu. Uliipunguza mbele yangu. Jana umekuja nayo, nimeona matundu ya uzi wa zamani yako wazi kiunoni. Umeifungua."

Umuro akasimamisha cherehani.

"Kwangu huli. Unaguza nyama kama mgonjwa. Na unanenepa. Sasa Kuno ananiambia ameona viatu vyako kwa mlango wa mwanamke Bulapesa." Kuno alikuwa wifi yake Istahil, dada ya marehemu Yattani, waliuza maziwa pamoja. "Si mara moja. Mara tatu, saa ile ile. Umuro, ni nani anakulisha?"

Katika mji huu mwanamume akila kila siku kwa mwanamke, viatu mlangoni, hakuna anayeuliza zaidi. Umuro aliliona hilo swali lilivyo. Akayaona pia majibu mawili. Kusema kuna mwanamke, Istahil ataondoka na hasira. Kusema ni chapati, basi atajua ameshindwa, atauona mguu, atakumbuka ile harufu, na ataondoka akimhurumia. Hiyo huruma ndiyo aliyoiogopa kuliko kifo.

"Kuna mtu," akasema.

"Kuna mtu?"

"Ndiyo."

Alimsikia akivuta pumzi, kama mtu aliyeguswa na chuma cha moto. "Haya," akasema Istahil. "Allah awape heri." Simu ikakatika.

Jamani! Mwanamume mzima anajisingizia mwanamke ili afiche chapati! Angekuwa ndugu yangu ningemzaba kofi. Lakini Umuro aliketi pale, kichwa ameinamia cherehani, na aliumia kweli, na alipoumia alijua dawa moja tu. Hakungoja saa kumi. Siku hiyo alikula saba.

Zikapita wiki tatu. Sokoni hakukanyaga. Alimpigia Istahil mara moja, simu ikaita mpaka mwisho. Mayai akaacha, mboga akaacha, hata dawa akawa anazisahau, maana ajipunje ili nani amwone? Asubuhi alikuwa akijiambia ataanza upya, na kila asubuhi neno hilo lilizidi kuwa jepesi. Kidonda kikageuka rangi pembeni. Akawa anatembea kwa kisigino.

Siku moja saa kumi alimkuta Kinya amesimama mlangoni, mikono ameikunja, unga mpaka viwikoni.

"Mzee Umuro, simama hapo hapo. Leo hakuna chapati yako."

"Zimeisha, mama?"

"Ziko. Zako ndizo hakuna." Akamnyooshea kidole chenye unga. "Jana kanisani naambiwa mimi ndiye nimemnyang'anya mwanamke wa maziwa bwana yake. Mimi! Niko na wajukuu saba! Mzee wangu Gikunda amecheka karibu afe, lakini mimi sikucheka. Umenifanya bibi yako bila hata kuniuliza?"

"Mama Kinya, nisamehe. Sikutaja jina lako."

"Viatu vyako vilinitaja. Na hiyo si kitu." Akashuka ngazi, akamkaribia, sauti ikawa ya chini. "Nikaambiwa uko na sukari. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na ukaketi kwa nyumba yangu, mimi nakuchagulia ile ina siagi mingi, nasema huyu mjane maskini acha ashibe? Umuro, unataka mkono wangu ndio ukuue? Nenda ukaseme ukweli kwa huyo mama. Siku utakuwa umesema, njoo, nitakupikia mayai."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Harufu ikabaki nje pamoja na Umuro. Alisimama getini, mtu mzima, na machozi yaliyokataa kutoka siku ya mazishi yakamtoka yote mbele ya mbuzi wa jirani. Alipomaliza alijifuta na futi iliyokuwa shingoni, kisha akageukia sokoni, anachechemea.

Istahil alikuwa anapimia wateja wa jioni. Alikuwa amekonda. Lile dera la zambarau lilimpwaya mabegani, na Umuro, kwa macho yake ya ufundi, aliona ni inchi ngapi, na akajua ni nani aliyezitoa.

"Maziwa kiasi gani, baba?" akauliza Istahil, bila kuinua uso.

"Istahil, hakuna mwanamke."

"Nauliza maziwa kiasi gani."

"Ni chapati."

Kuno, aliyekuwa kando, alicheka. Kisha akauona uso wa wifi yake, akanyamaza.

"Unasema?"

"Ni chapati. Yule mama anauza chapati. Nilikuwa naenda kula huko, nne, tano, kila siku saa kumi. Mwanamke hakuna. Nilikudanganya."

Kikombe cha kupimia kilibaki hewani. "Ulisema kuna mtu. Kwa mdomo wako."

"Nilisema."

"Ukaona ni afadhali nikuite mzinifu?"

"Ulisema huwezi kufunga kidonda tena."

"Nilisema uniambie!" Sasa soko zima lilikuwa linasikia, na hakujali. "Nilisema ukishindwa uniambie! Hiyo masikio yako ilisikia nini? Unajua nilipomzika Yattani niliinua godoro nikapata nini? Makaratasi ya biskuti. Miaka miwili nafunga mguu, na miaka miwili anakula chini ya blanketi, na kila siku nikimuuliza anasema hajaonja. Kufa kwake nimesamehe. Hiyo ya godoro sijasamehe mpaka leo. Angekuwa mwanamke mwingine, ningelia, ningenyamaza. Lakini wewe umenificha kama yeye."

Umuro hakujitetea. "Si njaa, Istahil," akasema. "Ni ile saa. Umulkheir alikuwa anapika saa hiyo. Nyumba ikinyamaza naogopa. Nikila, nasikia kama kuna mtu. Sijui kusema vingine. Nakuambia kwa sababu uliniambia niseme, na nimechelewa."

Istahil aliangalia pembeni, akakirudisha kikombe kwenye mtungi. Mteja mmoja akachukua mtungi wake taratibu akaondoka. Macho ya Istahil yaliporudi, yalitua chini.

"Mbona unasimama hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kwa mguu mmoja."

Alikuwa na nafasi ya mwisho ya kudanganya, na aliiona. "Nilikanyaga pini," akasema. "Ina zaidi ya mwezi."

"Vua."

"Hapa?"

"Vua, Umuro."

Akaketi juu ya mtungi mtupu, akavua kiatu, akavuta soksi ya kwanza. Ya pili ilikuwa imeshika. Ilipotoka, Kuno aliziba pua kwa ukingo wa buibui na kugeuza kichwa. Istahil hakugeuka. Harufu ile aliyoapa hatainusa tena ilimfika, na Umuro aliona inavyomfika, akatamani ardhi immeze.

Istahil alipiga magoti. Akamwaga maji safi polepole, akainua kisigino, akapangusa pembeni bila kugusa katikati. Mikono yake iliijua kazi hiyo kabla ya yeye kuamua. Alikuwa analia, na hakuacha kuosha.

"Kuno," akasema, akitoa mtandio wake begani kufunikia ule mguu, "uza yaliyobaki."

Hospitalini muuguzi aliukagua mguu kwa muda mrefu. Alibonyeza hapa, akauliza anasikia, akabonyeza pale. Umuro alijibu kila swali kweli: wiki ngapi, chapati ngapi, dawa ameruka mara ngapi. Istahil alisimama kando, mikono imelowa, akisikia hesabu yote hiyo kwa mara ya kwanza.

"Mfupa haujaguswa," akasema muuguzi mwishowe. "Lakini mngengoja wiki nyingine tungekuwa tunaongea mambo mengine. Sitawaficha, ni kazi. Sukari lazima ishuke, kula kwake kurudi vile aliambiwa mwanzo, na hiki kidonda kifungwe upya asubuhi na jioni. Inaweza kuwa miezi." Akamwangalia Umuro. "Nyumbani ni nani atakuwa anakufunga?"

"Nitajifunga mwenyewe," akasema Umuro haraka.

"Hutafika huko chini, mzee, na ukifika hutaona vizuri. Hakuna mtu?"

"Mimi," akasema Istahil.

Muuguzi akashika kalamu. "Wewe ni nani wake?"

"Mke wake."

Umuro akamgeukia. "Istahil, hatujafunga nikaha."

"Ijumaa lete wazee, tutafunga. Andika mke."

Muuguzi aliwatazama wote wawili, akaandika. Kisha akakata bandeji, akaanza kuonyesha jinsi ya kuizungusha. Umuro aliushika ukingo wa kitanda. Sauti yake ilitoka kidogo sana.

"Ulisema huwezi kurudia."

"Bado siwezi," akasema Istahil, na akanyoosha mkono kuipokea bandeji.